Usimsingizie Jirani: Ushauri kwa Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kikristo

Msimu wa tasnifu ukiwadia, soko la Chaka, huko Kieni katika Kaunti ya Nyeri, hupata wageni wa aina yake. Hawakuja kununua viazi wala kupakia vitunguu. Ni vijana wenye mkoba mgongoni na rundo la hojaji mkononi. Baadhi yao ni wenyeji: walizaliwa Kieni, wakapanda matatu kwenda kusomea Limuru, Meru, Kikuyu au Athi River, na sasa wamerudi nyumbani kutafuta data. Huuliza, hujaza, huaga. Wengi wao hawaonekani tena.

Makala haya ni yao, na ya wahadhiri wao pia. Kenya haina uhaba wa vyuo vikuu vilivyoanzishwa na makanisa. Baraton ya Waadventista ilipewa hati ya kuidhinishwa mwaka 1991, ikawa ya kwanza kuipata miongoni mwa vyuo vikuu vya kibinafsi nchini. Wakatoliki wana CUEA kule Lang'ata, Wamethodisti wana KeMU mjini Meru, na St. Paul's ya Limuru ina mizizi katika shule ya watumishi wa kanisa iliyofunguliwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1903. Vyote vinajinadi kwamba elimu yao inafungamana na imani. Mtu wa Chaka ana haki ya kuuliza: ufungamano huo unaonekana wapi, mtu anaposhika kalamu kufanya utafiti? Je, ni katika sala ya kufungua semina? Ni katika ukurasa wa shukrani, pale Mungu anapotajwa kabla ya msimamizi?

Kwangu mimi, unaonekana katika amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Wapresbiteri huihesabu ya tisa, Wakatoliki ya nane, lakini hakuna aliyeifuta. Utafiti ni ushahidi unaotolewa juu ya watu: bei wanazouzia, magonjwa wanayougua, maji wanayogombania, kanisa wanalosali. Ukiandika juu yao yasiyo kweli umewasingizia, hata kama jopo la watahini lilikupigia makofi. Ushauri wote unaofuata unatokana na jambo hilo moja.

Swali dogo, jibu la kweli

Kosa la kwanza la mwanafunzi hodari ni kutafuta mada kubwa. Hujiambia kwamba msimamizi atavutiwa na upana, basi huandika kichwa kinachoanza na "athari za" na kuishia na "katika Kaunti ya Nyeri". Lakini Nyeri ina maeneobunge sita. Othaya ni chai na kahawa na mvua ya kutosha. Kieni iko katikati ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, na mawingu huimwagia kidogo tu. Mwanafunzi mmoja mwenye miezi mitatu na nauli ya kuhesabu hawezi kuisemea kaunti nzima bila kubuni. Upana wa mada ndio mlango wa kwanza wa uongo, kwa sababu unakulazimisha kudai usichokiona.

Punguza. Nani hupanga bei ya viazi siku ya soko Chaka, na mkulima huijua saa ngapi? Kwa nini vijana wa parokia moja huadimika kanisani baada ya kipaimara? Familia za upande wa chini wa mto hufanya nini wiki ambazo mfereji haufikishi maji? Maswali hayo yana mahali, yana watu, na yana jibu ambalo mtu anaweza kulihakiki kwa kupanda bodaboda. Uzuri mwingine ni gharama. Ukitafiti karibu na kwenu unalala kwa wazazi, unakula nyumbani, na unaweza kurudi mara ya pili ulipogundua ulisahau kuuliza jambo.

Nyeri ina kielelezo cha namna hiyo ya kuona. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Tetu, mwaka 1940. Alisoma kwa masista wa Consolata katika misheni ya Mathari, kisha Loreto Limuru. Mwaka 1960 alikwenda Marekani katika chuo cha masista Wabenediktini, Mount St. Scholastica, jimboni Kansas, akahitimu mwaka 1964 katika biolojia. Baada ya kurudi Nairobi na kupata uzamifu mwaka 1971, alifanya utafiti juu ya kupe wanaoeneza ndigana kali. Kazi hiyo ilimpeleka vijijini kuwatoa kupe kwenye ng'ombe. Katika tawasifu yake, *Unbowed*, ya mwaka 2006, anaeleza kwamba huko aliona zaidi ya kupe: mito iliyogeuka rangi kwa udongo, ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho, watu walioonekana kukosa lishe. Akatambua kwamba tishio kubwa kwa mifugo ni kuharibika kwa ardhi yenyewe. Vuguvugu la Green Belt lilianza mwaka 1977, na Tuzo ya Nobel ya Amani ikaja mwaka 2004.

Usisome kisa hicho kama ahadi ya tuzo. Kisome kama mbinu. Alikuwa na swali dogo linalopimika, akalifuata kwa miguu hadi mahali lilipo, na hakufumba macho alipoona lisilokuwa kwenye pendekezo lake. Wewe nawe beba daftari mbili: moja ya majibu uliyokuja kuyatafuta, nyingine ya mambo yaliyokushangaza. Mara nyingi tasnifu huandikwa kutoka ya kwanza, na kazi ya maisha hutoka ya pili.

Kabla ya kuunda hojaji, jua pia waliokutangulia. Kutoka Chaka hadi Nanyuki si mbali, na huko kuna CETRAD, kituo kilichorithi utafiti wa maji na ardhi ulioanza miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bern cha Uswisi. Mtu anayetaka kuandika kuhusu mito inayotoka mlimani bila kusoma vipimo vilivyokusanywa pale kwa miongo kadhaa anajidhulumu. Dedan Kimathi na Karatina ni vyuo vya umma, lakini tasnifu zao zimewekwa kwenye hazina za mtandaoni, na huhitaji kuwa mwanafunzi wao kuzisoma.

Gunia la kilo ngapi?

Chukua mfano wa mwanafunzi wa biashara anayechunguza mapato ya wauzaji wa viazi. Amefika sokoni asubuhi na hojaji yenye visanduku. Anamkuta mama mmoja akipanga viazi kwenye ndoo.

"Mama, habari ya asubuhi. Naomba dakika chache za masomo."

"Uliza, kijana wangu. Lakini mnunuzi akija, songa kando."

"Kwa mwezi, wewe hupata shilingi ngapi?"

"Kwa mwezi? Kwani mimi nina mshahara? Andika tu unayoona inatosha."

Naye anaandika. Anatia alama kwenye kisanduku cha kati kwa sababu kinaonekana cha adabu. Jioni ana hojaji arobaini, na arobaini zote ni makisio yake mwenyewe yaliyovaa sauti ya mama. Kompyuta itazichakata, wastani utapatikana hadi nukta mbili za desimali, na mbele ya jopo hakuna atakayejua.

Muuzaji huyo hahesabu kwa mwezi. Huhesabu kwa soko, kwa safari ya lori, kwa gunia. Basi muulize hivyo: soko lililopita uliuza magunia mangapi? Shambani ulinunua kwa bei gani? Usafiri ulilipa ngapi, ushuru wa soko ngapi, mpakiaji ngapi? Yaliyooza yalikuwa ndoo ngapi? Hesabu ya mwezi utaifanya mwenyewe nyumbani, na utaonyesha ulivyoifikia.

Bado kuna mtego. Gunia lenyewe ni la uzito gani? Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinaweka kikomo cha kilo 50. Lakini kila anayefanya biashara hiyo anaijua mukurino: gunia lililoongezewa kipande juu ya mdomo, likafurika na kufungwa kwa kamba hadi likafanana na kilemba wanachovaa waumini wa Akorino. Gunia hilo linapita kilo 50 kwa mbali, na mkulima hulipwa kana kwamba ni gunia moja tu. Mtafiti akiandika "bei ya gunia" bila kuuliza ni gunia gani, ameunganisha vitu viwili tofauti, na aliyedhulumiwa kwenye mizani sokoni anadhulumiwa tena kwenye jedwali. Mwombe mwenye mizani akupimie machache. Kama hakuna mizani, andika kwamba uzito haukupimwa. Sentensi hiyo fupi haishushi hadhi ya kazi yako. Inamlinda msomaji asidanganyike.

Kwa hiyo jaribu maswali yako kwa watu watano kabla ya kuchapisha nakala mia. Uliza kwa lugha ambayo mtu huitumia kugombania bei, iwe Gikuyu au Kiswahili, na uandike jibu kama lilivyotamkwa kabla ya kulitia kwenye Kiingereza cha tasnifu. Fikiria pia ni nani hayupo pale uliposimama. Ukiwahoji waliopo sokoni saa nne asubuhi, umewakosa madalali walioondoka na malori mapema, na umewakosa wakulima waliouzia shambani. Sema hivyo wazi katika sura ya mbinu.

Kibali mkononi, siri moyoni

Utaratibu wa vibali huwachosha wanafunzi, na wengine huuruka wakiamini kwamba utafiti mdogo hauhitaji karatasi. Unahitaji. Pendekezo lako lipitie kwanza kamati ya maadili ya utafiti; kisha uombe leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2013; kisha ujitambulishe kwenye ofisi za kaunti na kwa chifu. Anza mapema, kwa sababu kamati haikutani kila wiki. Na usimwone chifu kama kikwazo: akikutaja barazani, milango mingi itafunguka bila wewe kubisha.

Karatasi hizo zote, hata hivyo, hazitoshi kulinda siri katika mji mdogo. Wanafunzi hufundishwa kubadilisha majina, wakaridhika. Lakini ukiandika "mwenyekiti wa akina mama katika kanisa moja karibu na stesheni ya Chaka, mjane, mwenye duka la dawa za mifugo", jina la nini tena? Kila mtu kuanzia Kiganjo hadi Naro Moru ameshamjua. Ondoa maelezo yanayoweza kuungana yakamfichua mtu: cheo, kazi, mahali halisi, idadi ya watoto. Kama habari yenyewe ni nzito, mathalani ugonjwa, ugomvi wa nyumbani au deni, taja eneo pana badala ya mtaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai uangalifu huo kisheria. Imani ilikuwa imeshaudai zamani.

Idhini nayo iwe idhini kweli. Mtu aliyeombwa mbele ya mchungaji wake, au mwanafunzi aliyeombwa na mhadhiri atakayemsahihishia mtihani, hana nafasi ya kukataa. Mwombe akiwa peke yake, mweleze kwamba kukataa hakutamletea lolote, na akikataa, mshukuru uende zako.

Kalamu isiyokodishwa

Kuna biashara ambayo vijana wengi wa Kenya wanaijua kuliko wanavyokiri: kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Filamu ya *The Shadow Scholars* ya mwaka 2024 iliiweka mbele ya macho ya dunia. Uingereza ilishapitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuendesha huduma hiyo kuwa kosa la jinai nchini humo. Wanaoandika si wajinga. Ni mahodari wasio na kazi. Ndiyo maana inauma. Kijana mwenye uwezo wa kuandika juu ya uuguzi wa Manchester usiku kucha angeweza kuandika juu ya zahanati ya kwao, lakini ya kwao hailipi kesho asubuhi.

Sikuhubirii kutoka mahali pa shibe. Karo ni kubwa, na tumbo halingoji. Nakuomba tu uhesabu gharama yote. Kila usiku unaouza ni usiku ambao tasnifu yako haisongi, na jina lako halijengeki popote. Ustadi huohuo unaweza kuuzwa kwa njia iliyo wazi: kuhariri, kutafsiri, kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, kuandika ripoti za vyama vya ushirika. Na upande wa pili, ukishindwa na kazi yako usimtafute wa kukuandikia. Mfuate msimamizi ukiwa na kurasa tano mbovu. Kurasa mbovu zako zina dawa. Kurasa nzuri za mwingine hazina.

Akili unde imeongeza kishawishi. Itumie kama unavyomtumia mwenzako wa bweni: akueleze usichoelewa, akuonyeshe sentensi iliyopinda. Usiipe kazi ya ushahidi. Programu hizi hubuni marejeleo yenye mwandishi, mwaka na nambari za kurasa, yote yakiwa na sura ya kweli na hakuna hata moja lililopo. Kanuni yangu ni kwamba usitaje kazi ambayo hukuifungua. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja akiuliza "hilo liko ukurasa gani?" ndipo utajua kama ulisoma au ulinakili. Kama chuo chako kina kanuni kuhusu matumizi ya programu hizi, zisome. Kama hakina, eleza mwenyewe ulizitumia wapi.

Ukilichunguza kanisa lenyewe

Hapa ndipo wasomi wa vyuo vya Kikristo hubanwa zaidi. Mwanafunzi wa ushauri nasaha anataka kuchunguza ulevi miongoni mwa vijana wa ushirika wake. Mwanafunzi wa uhasibu anataka kuangalia jinsi michango ya ujenzi inavyotolewa hesabu. Wazee wa kanisa wanaguna: huyu tulimchangia karo, sasa anataka kutuanika?

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kitaaluma na uhuru wa utafiti wa kisayansi. Ni vyema ulijue hilo, lakini usiingie kanisani ukiipeperusha Katiba. Nenda na barua inayoeleza utauliza nini, utamwuliza nani na data itahifadhiwa wapi. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba viongozi wataiona rasimu ili wasahihishe ukweli: tarehe, idadi, utaratibu. Hawataiona ili kuamua matokeo yasomeke vipi. Wakikataa masharti hayo, tafuta ushirika mwingine badala ya kufanya utafiti uliokwisha kufungwa mdomo.

Nawe mtafiti, usigeuze tasnifu kuwa kisasi. Kama viongozi wana maelezo, yaandike kwa ukamilifu uleule uliowapa wanaolalamika. Ushahidi wa upande mmoja nao ni aina ya usingiziaji.

Somo hili lina historia karibu nasi. Mwaka 1933 kiwanda cha uchapaji cha Misheni ya Consolata mjini Nyeri kilitoa kitabu cha Padre Cagnolo juu ya mila za Wagikuyu. Miaka mitano baadaye, 1938, Jomo Kenyatta alichapisha London kitabu chake, *Facing Mount Kenya*, akiwaeleza watu walewale kutoka ndani, naye akiwa na sababu zake za kisiasa. Mwanafunzi wa historia ya kanisa avisome vyote viwili pamoja, na kila ukurasa aulize: mwandishi alimsikia nani, alimhukumu nani, na alikuwa akimwandikia nani? Kisha ajiulize mwenyewe maswali hayohayo. Na asisahau hazina iliyofungiwa kabatini kwenye parokia na makanisa ya zamani ya eneo hili: vitabu vya ubatizo na ndoa, kumbukumbu za vikao vya wazee. Aombe ruhusa, anawe mikono, apige picha kurasa zinazooza, na aache nakala kwa mwenye kabati.

Kwa wahadhiri: andika unachofundisha

Mwalimu wa chuo cha kibinafsi huwa na madarasa mengi, wanafunzi wengi wa kusimamia, na mara nyingine mshahara unaochelewa. Wengi ni wa muda, asubuhi kampasi hii, jioni ile. Kumwambia mtu huyo "chapisha" bila kumwonyesha njia ni kumwongezea mzigo.

Njia mojawapo ni kuandika kutokana na kile unachofundisha tayari. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui, alifundisha dini za Kiafrika Makerere wakati ambapo vitabu vya somo hilo vilikuwa haba. Mihadhara yake ndiyo iliyozaa *African Religions and Philosophy* mwaka 1969, kitabu kinachosomwa hadi leo. Kama kila mwaka unalazimika kueleza jambo kwa mifano ya kwako kwa sababu kitabu cha kiada kina mifano ya Ohio, hapo pana makala. Anza na kurasa kumi.

Ukishaandika, usiyaache maandishi yakalala. Hannah Wangeci Kinoti, mwanatheolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwasilisha mwaka 1983 tasnifu ya uzamifu kuhusu maadili ya jadi ya Wagikuyu. Wasomi waliitaja mara kwa mara, lakini ilitoka kama kitabu mwaka 2010, yeye akiwa ameshafariki. Wasomaji wa kawaida waliikosa kwa miaka 27. Mwenye tasnifu rafuni aichukue mwezi huu na kutoa humo sura moja.

Angalia unapoipeleka. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 ilidai mwanafunzi wa uzamili awe na makala moja katika jarida lenye uhakiki, na wa uzamifu mawili. Nia ilikuwa njema, lakini presha hiyo iliwanenepesha wachapishaji matapeli. Dalili zao ni zilezile: jarida moja linapokea uhandisi, theolojia na ukunga, linaahidi uhakiki wa siku tatu, linakusifu kwa barua pepe kabla hujatuma kitu, linadai pesa kwanza. Kabla ya kulipa hata shilingi, angalia kama jarida limo kwenye AJOL, hazina ya majarida ya Afrika, au DOAJ, orodha ya majarida ya wazi, soma makala mawili ya toleo lililopita, kisha mwulize mkutubi wa chuo. Mkutubi ndiye mtu anayesahaulika kuliko wote, ilhali ndiye mwenye funguo za majarida ambayo chuo kimeshayalipia.

Kuhusu usimamizi, mambo matatu. Rudisha sura ya mwanafunzi ndani ya wiki mbili, hata kama ni kwa maoni machache. Mwanafunzi aliyengojeshwa miezi minne ndiye anayetafuta wa kumwandikia. Usitie jina lako kwenye makala ya mwanafunzi kama mchango wako ulikuwa kutia sahihi. Na angalau mara moja fuatana naye uwandani. Msimamizi aliyesimama sokoni Chaka kwa saa moja hawezi kupitisha hojaji inayouliza mapato ya mwezi.

Pesa, kwa ufupi

Tangu mfumo wa ufadhili wa mwaka 2023, anayejiunga na chuo cha kibinafsi hapati ufadhili wa masomo wa serikali, ingawa anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Ongeza basari ya eneobunge na ya kaunti, pamoja na mfuko wa kanisa kama upo, na uombe mapema kwa sababu fomu zina msimu wake. Bajeti ya utafiti iandike kando na karo: ada za kibali na za maadili, nakala, nauli, muda wa simu, chakula cha msaidizi wako. Ukipata mfadhili mwenye biashara au siasa, mtaje kwenye tasnifu, na mwambie kabla ya kupokea kwamba matokeo hayanunuliwi.

Rudisha matokeo

Malalamiko ya wenyeji wa Kieni kwamba watafiti huchukua majibu na hawarudi ni ya kweli na ni rahisi kuyatibu. Tasnifu ikishakubaliwa, andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Gikuyu, wenye mambo matatu: tuliuliza nini, tumeona nini, na nini bado hakijulikani. Usitumie jedwali wala istilahi. Wapelekee kamati ya soko, chifu, mchungaji au padre, na chama cha watumiaji maji kama kinahusika. Omba dakika tano kwenye baraza au baada ya ibada, usome, kisha ukae usikilize. Utasahihishwa, na masahihisho hayo yaingize kwenye makala utakayochapisha. Hakuna jopo linaloijua bei ya viazi kuliko watu hao.

Jambo hili lisiachiwe hisani ya mwanafunzi mmoja mmoja. Kabla ya mahafali kila chuo humzungusha mwanafunzi na fomu ya kuthibitisha kwamba hana deni: maktaba itie sahihi, idara ya fedha itie sahihi, bweni litie sahihi. Chuo kinachoweza kumnyima mtu joho kwa kitabu kilichopotea kinaweza pia kuongeza mstari mmoja kwenye fomu hiyo, utiwe sahihi na chifu au kiongozi wa mahali utafiti ulikofanyika, kuonyesha kwamba waliohojiwa wamesomewa matokeo. Kuongeza mstari huo hakugharimu chochote. Baraza la wahadhiri linaweza kuupitisha katika kikao chake kijacho, na chuo chochote kinachojiita cha Kikristo hakina sababu ya kungoja serikali ikilazimishe.